Mimea ya Kupanda Pamoja na Rododendroni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi magharibi ya Washington na Oregon, ambao wengi wao, wanapohamia nyumba ya Kent, Tacoma, Federal Way au viunga vya Portland, hukuta rododendroni, kichaka cha maua makubwa, imekwisha kuota mbele ya nyumba na hawajui waizungushie nini. Wanaouliza huanza na rangi ya maua. Mimi huanza na mizizi, kwa sababu jirani mbaya huanza kuidhuru rododendroni chini ya ardhi, muda mrefu kabla jani halijaonyesha dalili yoyote.

Rododendroni ni mmea wa namna gani, na kwa nini huchagua majirani?

Jenasi hii ina takriban spishi 1,000, na azalia zote zimo ndani yake, hata kama vitalu vya miche huziuza kwenye meza tofauti. Nyingi hutoka Himalaya, kusini-magharibi ya China na milima ya Guinea Mpya. Washington ina yake ya asili, Rhododendron macrophyllum, ambayo wanawake wa jimbo hilo waliichagua kwa kura yao mwaka 1892 iwe ua la jimbo katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893. Afrika haina rododendroni ya asili, lakini ina ndugu zake: erika kubwa zinazoota juu ya ukanda wa misitu ya Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori ni za familia hiyo hiyo ya Ericaceae.

Jambo la kulishika ni hili: rododendroni haina mzizi mkuu unaozama ardhini. Mizizi yake ni nyuzi nyembamba mno, zilizosukana kama mkeka, na karibu zote zimo katika sentimita 30 za juu za udongo. Nyuzi hizo huishi kwa ushirika na kuvu maalumu wanaousaidia mmea kupata chakula kutoka katika majani yaliyooza, na hufanya kazi vizuri katika udongo wenye asidi, wa pH kati ya 4.5 na 6. Pia huhitaji hewa: zikikaa katika udongo mzito unaotuamisha maji hushambuliwa na ugonjwa wa kuoza mizizi uitwao Phytophthora, na mmea hunyauka ilhali udongo umelowa, jambo linalowafanya wengi wazidishe maji na kuumaliza kabisa.

Jirani mwema anatambuliwaje?

Ni mmea unaopenda udongo wenye asidi na uliojaa mboji, unaoridhika na kivuli chepesi au jua la asubuhi, usiotaka mbolea nyingi, usiotaka kuchimbuliwa kila mwaka, na ambao mizizi yake ama huzama chini kuliko ya rododendroni au hubaki haba kiasi cha kutoishindania maji. Sifa ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Magharibi ya Washington watu huamini kwamba maji si tatizo, kwa kuwa mvua hunyesha karibu mfululizo kuanzia Oktoba hadi majira ya kuchipua, lakini Julai na Agosti ni ukame halisi, na ndiyo miezi ambayo rododendroni hutengeneza vichomozo vya maua ya mwaka unaofuata. Jirani mwenye kiu akinyonya maji Julai, athari yake huonekana Mei, kichaka kinapotoa maua matatu manne badala ya kufunikwa.

Miti gani inafaa kutoa kivuli?

Mti bora ni ule wenye mizizi mirefu na majani yanayopitisha mwanga. Kwa wenye eneo kubwa, Pseudotsuga menziesii, mti mrefu wa jamii ya misonobari unaojulikana huku kwa jina la Douglas, unafaa sana endapo matawi yake ya chini yamekatwa. Katika misitu ya asili rododendroni ya Washington huota chini ya miti ya namna hiyo. Mialoni nayo ni majirani wazuri.

Kwa uwanja mdogo, ambao ndio wengi wetu tunao, ningechagua mepo (maple) wa Japani, Acer palmatum, bila kusita. Mizizi yake haina fujo, majani yake madogo huchuja jua la mchana, na unapopukutisha majani majira ya baridi huiachia rododendroni nafasi ya kuonekana ikiwa ya kijani peke yake. Mepo wa asili wa huku, Acer circinatum, hufanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ndogo, na hustahimili kiangazi vizuri zaidi ukishashika. Cornus kousa hutoa maua meupe Juni, wakati rododendroni nyingi zimemaliza. Stewartia, Styrax japonicus na Oxydendrum arboreum ni miti mingine ya kiasi inayopenda udongo huo huo, na huo wa mwisho ni wa familia ya Ericaceae, wenye maua ya kiangazi na majani yanayogeuka mekundu sana kabla ya kudondoka.

Mwerezi mwekundu wa huku, Thuja plicata, ni mti mzuri unaostahili heshima yake, lakini chini yake huwa pakavu na mizizi yake ya juu imesongamana kiasi kwamba mche mchanga hupata taabu kujipenyeza. Ukiwa nao, panda rododendroni nje ya mwisho wa matawi.

Chini na pembeni ya rododendroni nipande nini?

Kangaga ndio chaguo langu la kwanza. Polystichum munitum, kangaga wa asili wa misitu ya huku, hubaki wa kijani mwaka mzima, haudai chochote, na majani yake membamba marefu hupendeza yakikaa karibu na majani mazito ya rododendroni. Mmoja ukikomaa hufikia mita moja, kwa hiyo usiuweke karibu na kichaka kifupi. Kwa vichaka vifupi zipo Blechnum spicant na Adiantum, ambazo ni nyepesi zaidi.

Baada ya kangaga zinakuja epimedio, ambazo huvumilia kivuli kikavu kuliko karibu mmea mwingine wowote wenye maua. Heleboro, zinazochanua Februari na Machi kabla rododendroni nyingi hazijaamka. Trillium ovatum, ua jeupe la petali tatu linaloota lenyewe katika misitu ya huku na ambalo halifai kung’olewa msituni bali kununuliwa kitaluni. Na siklameni ndogo za aina mbili, Cyclamen coum inayochanua katikati ya baridi na Cyclamen hederifolium inayochanua kiangazi kikiisha. Siklameni zina faida ya pekee: hulala kiangazi, hivyo hazishindanii maji wakati wa ukame. Narsisi fupi na Erythronium nazo hulala mapema. Hosta ni nzuri kwa majani, ila konokono wasio na gamba huzitafuna hadi zibaki vishipa, na kulungu huzila zote usiku mmoja.

Na vichaka vingine?

Hapa ukoo husaidia. Pieris, Kalmia, Enkianthus, Leucothoe na Vaccinium ovatum zote ni za Ericaceae, zinataka udongo ule ule na zina mizizi myembamba ile ile, kwa hiyo hakuna anayemlemea mwenzake. Vaccinium ovatum naipenda kuliko zote: ni ya asili ya pwani hii, majani yake madogo yanang’aa, chipukizi zake ni za rangi ya shaba, na ina matunda meusi yanayolika. Salali, Gaultheria shallon, ni ya ukoo huo pia, lakini husambaa kwa mashina ya chini ya ardhi, na mahali pake ni mteremko mkubwa ambao hutaki kuupalilia, si karibu na azalia ya kimo cha goti.

Kamelia si ya ukoo huo, ila huishi na rododendroni kwa amani. Wasomaji waliokulia Kericho, Limuru au Lushoto watakuwa na la kushikia hapa, kwa kuwa kamelia ya bustani na mchai, Camellia sinensis, ni jenasi moja, na udongo unaokubali chai ndio unaokubali rododendroni. Haidranjia pia huafikiana nazo na katika udongo huu wa asidi maua yake huwa ya buluu, lakini hunywa maji mengi. Iweke umbali wa mita moja na nusu au zaidi, na uimwagilie yenyewe.

Mimea gani isikaribie kabisa?

Kwanza, miti yenye mizizi mingi ya juu na kiu kubwa: mierebi, betula na mepo wa Norway. Pili, mjozi mweusi, Juglans nigra, ambao mizizi na majani yake hutoa kemikali iitwayo juglone, na rododendroni na azalia zimo katika orodha ya mimea inayodhurika nayo. Tatu, mimea inayopenda chokaa au jua kali na ukavu, kama lavenda. Si kwamba lavenda itaidhuru rododendroni, bali mmoja wao ataishi kwa mateso kwa kuwa hakuna udongo unaoweza kuwaridhisha wote wawili. Nne, dalia na mimea mingine inayofukuliwa na kupandwa upya kila mwaka, kwani kila pigo la jembe ni mizizi iliyokatwa. Tano, aivi, Hedera helix. Katika jimbo la Washington imeorodheshwa kuwa gugu hatari, hupanda juu ya vichaka na miti, na kuing’oa ikishaingia kwenye mizizi ya rododendroni huumiza vyote viwili. Kitalu kikikupa bure, kataa.

Nimekuta rododendroni kuukuu imezungukwa na nyasi hadi kwenye shina. Je, niziache?

Ziondoe. Nyasi ni jirani mbaya kuliko watu wanavyofikiri. Mizizi yake iko katika tabaka lile lile la udongo na hufika kwenye maji kwanza. Mashine ya kukatia nyasi huchubua shina. Na, lililo baya zaidi, watu wa huku hunyunyiza chokaa kwenye nyasi kila mwaka, chokaa ambayo huteremka na mvua hadi kwenye mizizi ya rododendroni. Dalili zake utaziona kwenye majani ya juu, yaliyo machanga: sehemu za katikati hugeuka njano huku mishipa ikibaki ya kijani, kwa sababu mmea hauwezi tena kufyonza madini ya chuma yaliyomo udongoni. Hali hiyo hiyo hutokea kwa vichaka vilivyopandwa vikigusa msingi wa saruji wa nyumba.

Usizichimbue nyasi kwa jembe. Tandaza maboksi ya karatasi yaliyoloweshwa juu yake, hadi mwisho wa matawi, kisha funika kwa vipande vya mbao au magome kwa kina cha sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka shina. Kampuni za kukata miti mara nyingi hutoa vipande hivyo bure. Mwaka unaofuata nyasi zitakuwa zimekufa, na udongo wa chini utakuwa laini kiasi cha kupokea kangaga.

Nitapandaje majirani bila kuikata mizizi ya rododendroni?

Nunua miche midogo kabisa, ya vyungu vya sentimita 10 au pungufu, hata kama mikubwa inavutia. Tumia kijembe kidogo cha mkono, toboa shimo linaloenea mche tu, na ukikutana na mzizi mnene kuliko penseli sogea pembeni. Karibu na shina usipande kitu; anza katikati ya eneo la matawi na uendelee nje. Kamwe usiongeze udongo juu ya mizizi ya rododendroni ili upate mahali pa kupandia, kwani mizizi iliyofukiwa hukosa hewa. Kama huoni nafasi ya shimo, weka matandazo peke yake na upande majirani nje ya mwisho wa matawi.

Wakati mzuri ni kuanzia mwisho wa Septemba hadi Novemba, mvua inaporudi na udongo ukiwa bado na joto. Mche uliopandwa Oktoba huwa na miezi mingi ya kushika kabla ya ukame wake wa kwanza, lakini hata hivyo utahitaji kumwagiliwa kwa kina kila wiki katika viangazi viwili vya mwanzo.

Rangi za maua nizipangeje?

Rododendroni ikichanua haihitaji msaidizi. Ua lake ni kubwa na rangi yake hushika macho, kwa hiyo majirani wanaochanua wakati huo huo wawe weupe, au wa buluu hafifu, au wawe na majani tu. Zambarau iliyokolea karibu na azalia ya chungwa ni ugomvi utakaoutazama kila Mei. Ningetumia nguvu zangu kwenye miezi mingine 11: heleboro na siklameni za baridi, Cornus ya Juni, lili na haidranjia za Julai na Agosti, mepo wa Oktoba.

Majani nayo ni pambo. Rhododendron yakushimanum, inayotoka kisiwa cha Yakushima huko Japani, ina majani yanayotoka yakiwa yamefunikwa na unga mweupe, na upande wa chini wa jani lililokomaa umefunikwa na manyoya ya rangi ya kahawia yanayoshikika kama mahameli. Karibu nayo panda kitu kifupi ambacho hakitayaficha.

Majirani wanaweza kuleta wadudu?

Ndiyo, na hapa kuna jambo linalopuuzwa. Fukusi wa mizizi ni mdudu mweusi au wa kahawia asiyeruka, anayepanda usiku na kutafuna ukingo wa majani akiacha pengo la nusu duara, kana kwamba mtu amepita na koleo la kutobolea tiketi. Mapengo hayo yanachukiza tu. Hatari iko kwa mabuu yake yanayokula mizizi tangu kiangazi kinapoisha hadi majira ya kuchipua. Heukera na primula, ambazo vitabu vingi huzipendekeza chini ya rododendroni, ni chakula wanachokipenda. Ukiivuta heukera kwa vidole viwili ikaja yote mkononi bila mizizi, chimbua kidogo mahali ilipokuwa, na huenda ukakuta mabuu meupe yaliyojikunja yenye vichwa vya kahawia. Mahali penye mapengo mengi kwenye majani nisingepanda heukera. Nematodi, yaani minyoo wadogo mno, wanaoua mabuu hayo huuzwa madukani na humwagwa pamoja na maji Septemba, udongo ukiwa bado na joto.

Mdudu wa pili ni kunguni wa azalia mwenye mabawa ya kimia, Stephanitis pyrioides, aliyeingia eneo hili mwishoni mwa miaka ya 2000. Hufyonza majani kutoka chini hadi yanapauka, na hushambulia zaidi vichaka vilivyo kwenye jua kali. Mti wa kivuli uliochaguliwa vizuri ni kinga bora kuliko dawa. Tena dawa nyingi zinazouzwa dhidi yake hupanda ndani ya mmea hadi kwenye maua, na kuwadhuru nyuki.

Ninaweza kupanda bluberi karibu na rododendroni?

Unaweza, kwani ni za familia moja. Ila bluberi inataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku ili izae, hivyo iweke upande wa kusini, nje ya kivuli. Na ukishaweka mmea wa chakula hapo, usitumie tena dawa ya wadudu ya kupanda ndani ya mmea katika eneo hilo.

Ushauri huu unafaa Uingereza?

Kwa sehemu kubwa unafaa, ila anza kwa kupima udongo, kwa kuwa maeneo mengi ya kusini mwa England yana chokaa ya asili, na maji ya bomba ya London yana chokaa pia. Vuna maji ya mvua. Usipande Rhododendron ponticum, ambayo ililetwa katika karne ya 18, ikatoroka bustanini na sasa imesonga misitu mingi ya Uingereza na Ireland. Kamelia, Pieris na rododendroni zote hushikwa na Phytophthora ramorum, aina nyingine ya Phytophthora inayoshambulia majani, kwa hiyo usizisonge pamoja, na kagua majani yenye madoa meusi kabla ya kununua.

Na nyanda za juu za Afrika Mashariki?

Azalia hustawi palipo na udongo wa chai. Kangaga, kamelia na haidranjia zitafaa huko, lakini heleboro na Trillium huhitaji baridi ya kweli na zisitarajiwe. Rododendroni za kundi la vireya, kutoka milima ya Borneo na Guinea Mpya, hazihitaji majira ya baridi kabisa.

Ninaweza kuona wapi mifano iliyokomaa?

Federal Way kuna Rhododendron Species Botanical Garden, yenye spishi zaidi ya 700 chini ya miti mirefu, pamoja na mkusanyiko mkubwa wa kangaga uliopandwa katikati ya visiki. Nenda Aprili au Mei, na utazame zaidi chini ya vichaka kuliko juu yake. Portland kuna Crystal Springs Rhododendron Garden, na Seattle kuna Washington Park Arboretum, yenye mepo za Japani na kamelia karibu na azalia.

Nina watoto wadogo na mbuzi. Je, kuna hatari?

Ipo. Majani, maua na nekta ya rododendroni na azalia yana sumu iitwayo grayanotoxin, inayoteremsha shinikizo la damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Pieris na Kalmia zinayo pia. Mbuzi na kondoo wanaweza kufa kwa kula kiasi kidogo cha majani, hivyo uzio utangulie kichaka, na matawi yaliyopogolewa yasitupwe zizini. Usipande Vaccinium yenye matunda ya kuliwa ikiwa imechanganyika na matawi ya rododendroni mahali ambapo mtoto mdogo anajichumia mwenyewe. Acha nafasi ya kupita kati yake. Mtoto akitafuna jani au ua nchini Marekani, piga simu ya huduma ya sumu, 1-800-222-1222, inayojibiwa saa zote. Na uwe na kipande cha tawi mkononi ili uweze kueleza ni mmea gani.